Fitoplanktoni na misimu ya bahari ya tropiki

Fitoplanktoni ni viumbe wadogo wanaoelea karibu na uso wa maji na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Planktoni wanyama huwala, dagaa nao huwala hao. Jamii ya fitoplanktoni ni mchanganyiko wa aina zilizopo mahali pamoja, na mchanganyiko huo hubadilika kwa msimu hata pwani zetu za Afrika Mashariki, ambako jua halikosekani. Hapa anayeamua ni upepo, pamoja na mvua, kwa sababu ndivyo vinavyoleta virutubisho: nitrati, fosfati na silika.

Kusi ikishika, kati ya Mei na Septemba, bahari huchafuka. Maji ya juu hupoa hadi nyuzi 25 hivi na kuchanganyika na ya chini yenye virutubisho. Hapo diatomu, fitoplanktoni ambao maganda yao ni ya silika, hustawi. Mito kama Rufiji huongeza virutubisho wakati wa masika, ila tope lake huziba mwanga, kwa hiyo ustawi mara nyingi huonekana mbele kidogo ya mdomo wa mto, tope likishatua.

Kaskazi ni habari nyingine. Maji hufika nyuzi 29 au 30, tabaka la moto hukaa juu ya la baridi bila kuchanganyika, na nitrati huisha. Diatomu hupungua, anayenufaika ni Trichodesmium, sianobakteria (bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) anayeweza kutumia nitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini. Seli zake, zilizoungana kama uzi, hujikusanya vifungu vinavyoonekana kwa macho, na zina vipovu vya gesi vya kuelelea. Siku ya shwari hutanda michirizi ya rangi ya kahawia kama unga wa mbao, na wengi hudhani ni mafuta yaliyomwagika.

Kanuni hii isibebwe kila mahali. Pwani ya Somalia, kusi hiyohiyo husukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, na maji baridi hupanda kutoka kilindini.

Picha za setilaiti husaidia, lakini hupima hasa klorofili, yaani rangi ya kijani ya fitoplanktoni. Miezi miwili inaweza kuwa na kijani kilekile na jamii tofauti kabisa, kwa hiyo bado lazima kuchota maji na kutazama kwa hadubini. Wavu peke yake hautoshi: wenye matundu ya maikromita 20 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huwapitisha akina Synechococcus, sianobakteria wadogo ambao upana wao ni kama maikromita moja tu.