Vidomozi wa Okidi za Porini

Mkulima wa kahawa hahitaji kuelezwa kidomozi ni nani, yule mdudu ambaye buu wake hula ndani ya jani, na wa nyanya ameshalizwa na kantangaze, mdudu wa tabia hiyo hiyo. Okidi za porini nazo zina wa kwao, ila wengi wakiona jani limechorwa mistari myeupe husema ni ugonjwa.

Lielekeze jani hilo juani. Njia huanza nyembamba, kisha hupanuka, wakati mwingine ikawa doa pana, maana aliyemo ananenepa kila siku. Vitone vyeusi ndani yake ni kinyesi. Ukiwahi, utamwona mwenyewe: buu mweupe asiye na miguu, amelala kati ya ngozi mbili za jani, akila nyama ya katikati.

Uingereza, mchoro kama huo huweza kuwa kazi ya Delina nigrita au Parallelomma vittatum, inzi wa ukoo mmoja na wale wa manjano wanaojazana kwenye kinyesi kibichi cha ng'ombe. Jani likichorwa, mara nyingi okidi huvumilia.

Shina ni habari nyingine. Buu wa Chyliza vittata, ndugu wa inzi wa karoti, hutoboa shina la maua. Hata Neottia nidus-avis, okidi ya kahawia isiyo na majani ya kijani na inayolishwa na kuvu, haimponyoki.

Ila anayenikera mimi ni Japagromyza tokunagai wa Japani. Mabuu wake hula ndani ya tunda. Tunda moja la okidi hubeba maelfu ya mbegu, laini kama vumbi. Kwa nje limevimba vizuri, na anayehesabu matunda anafurahi. Lipasue: mbegu zimeliwa, zimebaki pupa za kahawia, yaani mabuu wanaojigeuza inzi. Ndiyo maana watafiti huko hufunika mashina kwa vifuko, ua likishachavushwa.

Kwa okidi ya porini, kupuliza dawa sipendekezi kabisa. Dawa ya kuua kwa kugusa huishia juu ya ngozi ya jani, buu yuko chini yake. Watakaokufa ni wachavushaji, pamoja na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidomozi hao.

Ukitaka tukusaidie kumtambua, piga picha ya jani pande zote mbili, kisha nyingine ukiwa umeliinua ili mwanga upite kutoka nyuma yake. Angalia pia mwisho wa njia: pakiwa na mpasuko mdogo na hamna kitu ndani, mwenye nyumba kashahama.