Nasaba na nasibu si mamoja

Mara ya nne mwezi huu nasikia mtu akisema "akili mnemba imenitafutia nasaba yangu." Haikutafuta nasaba. Ilitafuta neno.

Alichotumia huitwa utafutaji wa matini nzima, nao ni huu: kompyuta inasoma picha ya waraka wa mkono, inageuza mwandiko kuwa herufi za chapa, nawe unatafuta neno lolote lililomo, si yale tu yaliyoingizwa kwenye faharasa. FamilySearch, shirika la Marekani la kutafuta nasaba, ilizindua wake mwaka 2024, ikianza na hati zikiwemo za ardhi na mirathi za nchini humo. Basi.

Wanaoujua uzito wake ni wazao wa watumwa wa Marekani. Sensa za 1850 na 1860 ziliorodhesha watumwa chini ya jina la bwana, kwa umri, jinsia na rangi. Majina yao wenyewe hayamo, isipokuwa kwa nadra. Wengi wanatokea kwa jina kwenye sensa mara ya kwanza 1870. Kabla ya hapo, babu yumo ndani ya wosia wa tajiri, katikati ya farasi na vitanda, na faharasa ilimtaja tajiri peke yake.

Sasa lile linaloniudhi. Nasaba na nasibu kwa Kiswahili utadhani ni mapacha, kumbe kwa Kiarabu hazina hata undugu. Nasaba ni ya herufi ya Kiarabu sini, ndugu yake ni kunasibisha, yaani kuhusisha huyu na yule. Nasibu ni ya herufi nyingine, swadi: fungu lililomwangukia mtu, ile ile ya bahati nasibu. Sisi tuna s moja tu, ndiyo tukazichanganya.

Mashine inakupa nasibu. Andika Jesse, utaletewa kila Jesse wa kaunti ile, na wako huenda akakosekana, kwa sababu makarani wa zamani waliandika s ya kwanza kati ya mbili ikarefuka kama f, na mashine ikasoma "Jefse". (Mtafute na huyo.) Kumnasibisha Jesse mmoja na wewe ni kazi nyingine kabisa: umri, mahali, nani alimrithi bwana yupi, hati kwa hati.

Kwa hiyo ukija kutusimulia, ndugu yangu, sema umeonyeshwa ukurasa wenye jina la babu. Tutakupongeza vilevile, kisha tutakuuliza umejuaje kuwa ni yeye.