Vidonge vya kuzuia damu kuganda: maswali ya watu wa Lamu

Maswali haya ni ya wanaomeza wafarini na ya jamaa wanaowauguza. Wengi wameandikiwa kwa sababu ya donge la damu mguuni, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au vali ya moyo iliyoharibika.

Mama ana donge mguuni. Vidonge hivi vitaliyeyusha?

Haviliyeyushi. Ini hutumia vitamini K kutengeneza baadhi ya protini za kugandisha damu, na wafarini huizuia kazi hiyo. Donge haliongezeki, nao mwili hulimaliza wenyewe taratibu. Nguvu kamili ya dawa huja baada ya siku kadhaa, ndiyo sababu mwanzoni huongezwa sindano za heparini. Vivyo hivyo kosa la leo huweza kuonekana siku mbili tatu baadaye, wakati mtu ameshalisahau.

Najisikia mzima. Kwa nini nitolewe damu kila mara?

Kwa sababu kujisikia mzima si kipimo. INR, namba ya kipimo cha damu inayoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda, hata ikipanda hadi 6 haiumi. Asiyetumia dawa hii huwa na INR karibu na 1. Watumiaji wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na baadhi ya wenye vali za chuma juu kidogo ya hapo. Ikishuka, donge laweza kurudi. Ikipanda mno, damu yaweza kuvuja tumboni au kwenye ubongo. Kwa mtu wa Pate au Kiunga, nauli ya boti kuja kupimwa ni mzigo, najua. Basi mwulize daktari ni lini hasa urudi, na tarehe hiyo usiiruke. Rivaroksabani na apiksabani, dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, hazihitaji kipimo hiki, lakini hazifai kwa vali ya chuma, na si za kujibadilishia mwenyewe.

Nimeambiwa niache mchicha na kisamvu. Ni kweli?

La. Kula, ila kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Mboga za majani zina vitamini K nyingi, na kipimo chako cha dawa kimepangwa kufuatana na ulaji wako. Ukizoea kisamvu mara mbili kwa wiki, kisha ghafla ukala mtoriro na sukuma wiki kila siku, INR hushuka. Ukiziacha kabisa, au ukiharisha na kukosa hamu ya kula, hupanda. Ramadhani ndipo wengi huyumba: futari huwa ni mihogo, tambi na viazi vitamu, mboga hazionekani. Kabla ya kufunga zungumza na daktari, upimwe mwezi ukiwa umeanza, na umeze dawa saa ileile kila usiku. Baada ya futari panafaa. Samaki na wali wa nazi endelea navyo.

Mgongo unaniuma. Nichome sindano pale duka la dawa?

Usichome, tafadhali. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa kuwa sindano ya diklofenaki kwetu imekuwa kitu cha kawaida. Dawa yenyewe huchubua tumbo, na sindano ya msuli kwa mtu wa wafarini huweza kujaza damu ndani ya paja au makalio. Ibuprofeni na aspirini nazo epuka, isipokuwa daktari anayejua unatumia wafarini amekuandikia. Parasetamoli ya siku chache, kwa kipimo cha kawaida, ndiyo salama zaidi.

Dawa nyingine huipandisha INR kimyakimya: metronidazoli ya tumbo, flukonazoli ya fangasi, Septrin. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Ukifika dukani, kabla hujataja maumivu yako, sema, "Natumia wafarini." Na mng'oa meno mwambie kabla hajashika koleo.

Na hijama? Habasoda?

Hijama ya kuchanja usifanye. Tangawizi, kitunguu saumu na habasoda ndani ya chakula havina neno. Vidonge na mafuta yake ya kunywa kila siku ni habari nyingine, mwambie daktari kwanza.

Nimesahau kidonge cha jana.

Kimepita. Meza cha leo peke yake, usiviunganishe viwili, na uandike kwenye kadi. Ungekumbuka siku ileile, ungemeza.

Natumia dawa hii na nahisi nina mimba.

Dada, nenda kliniki leo. Wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Lakini usiiache mwenyewe, kwani mwili wako bado unahitaji kinga dhidi ya donge, watakubadilishia.

Dalili gani zinataka hospitali mara moja?

Mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, kutapika damu, damu ya pua isiyokoma baada ya kubana dakika 10, kichwa kinachouma ghafla na vikali, mkono au uso kulegea. Aliyeanguka kutoka juu ya punda au kuteleza gatini akagonga kichwa aende hata kama anacheka na kuongea, maana damu ya ndani ya fuvu huweza kujikusanya kwa saa nyingi. Mkiwa Shela au Matondoni, tafuteni boti usiku huohuo mumfikishe hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na mchukue vidonge vyake pamoja na kadi ya INR.