Je, wajua kwa nini mpango mkakati haukuonyeshi kabati la mteja limekwama wapi?

Chukua karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Mwenyewe ana mpango mkakati wa miaka 3: auze kwenye hoteli, aongeze mafundi, afungue tawi Mbagala. Nguvu, udhaifu, fursa na vitisho vyote kaviorodhesha. Lakini mteja aliyetoa kianzio wiki 3 zilizopita anapiga simu kila asubuhi, na mpango ule hauna jibu lake.

Mpango mkakati hujibu tunakwenda wapi na fedha tuziweke wapi. Ramani ya mchakato huuliza jambo la chini zaidi: oda ikiingia nani anaipokea, anamkabidhi nani, na inalala wapi?

Hapo kwenye kulala ndipo penye mambo. Chora safari ya kabati moja: kisanduku kwa kila kazi, umbo la almasi penye uamuzi, mishale katikati. Huenda ukakuta kukata mbao, kuunga na kupiga msasa kumechukua siku 4 tu. Siku zilizobaki kabati limesimama. Vanishi haijakauka, bawaba zinamngoja bosi arudi kutoka Kariakoo atoe hela, kirikuu hakijapatikana. Kwa hiyo andika muda wa kungoja kwenye kila mshale. Bila huo, mchoro ni pambo la ukutani.

Mbinu hii ina asili ya kazi za mikono. Frank Gilbreth wa Marekani alianza kama fundi mwashi, akapunguza mijongeo ya kuweka tofali moja kutoka 18 hadi isiyozidi 5. Mwaka 1921 yeye na mkewe Lillian waliwasilisha chati za mchakato kwa wahandisi wenzao. Mipango mkakati ilishamiri baadaye, miaka ya 1960, kwenye ofisi za wakurugenzi wa makampuni makubwa.

Kwa biashara ndogo, mimi naanza na ramani. Asiyejua kabati moja linamchukua siku ngapi ataiahidije hoteli makabati 40? Isipokuwa kama bidhaa yenyewe haina tena wanunuzi: hapo kuharakisha utengenezaji ni kujaza stoo, na mpango mkakati ndio utangulie.

Ukichora, usimuulize bosi peke yake. Kaa na kijana wa msasa. Yeye ndiye anayejua bawaba zilichelewa siku ngapi.