Je, wajua ni kitu gani hasa huzaliwa upya katika imani za Wahindu na Wabuddha?

Huku Uyole, Mbeya, mtoto akipewa jina la marehemu babu yake, wazee hutania wakisema "babu amerudi", na wote huelewa kwamba kilichorudi ni jina tu. Kwa Wahindu na Wabuddha kurudi duniani si utani, ila dini hizo mbili zilizochipuka Bara Hindi zinatofautiana kuhusu kinachorudi.

Kwa Wahindu walio wengi, kinachorudi ni roho isiyokufa, yaani atman. Sura ya 2 ya Bhagavad Gita hufananisha kifo na kuvua nguo chakavu ili kuvaa mpya: mvaaji ni yule yule, na karma, yaani matendo yake, ndiyo humpangia vazi linalofuata. Roho ikitambua asili yake, mzunguko hukatika. Huko kufunguliwa ndiko moksha.

Buddha alifundisha kwamba roho ya kudumu haipo. Basi nani anayezaliwa? Maandiko ya Wabuddha yanasimulia kuwa mfalme Milinda alimbana mtawa Nagasena kwa swali hilo hilo, naye akamjibu kwa mfano wa taa iliyowashwa kutoka kwa taa nyingine. Aliyekulia nyanda zetu za juu hahitaji hata taa. Asubuhi ya Julai, baridi ikiuma, mtoto hutumwa kwa jirani kuomba moto. Husogeza ukuni wake mkavu kwenye mafiga, hungoja ushike, kisha hurudi mbio akiukinga na upepo. Moto utakaochemsha chai nyumbani si ule wa jirani, wala huwezi kusema hauhusiani nao. (Mimi huona mfano huu mgumu zaidi kuliko ule wa nguo, kwa kuwa haumwachii mtu chochote cha kushika.)

Ndiyo maana lengo la Wabuddha huitwa nirvana, neno lenye maana ya kuzimika: zinazozimika ni tamaa, chuki na ujinga, ambazo ndizo kuni za kuzaliwa tena. Siddhartha Gautama, yaani Buddha mwenyewe, aliamka hivyo akiwa hai, chini ya mti huko Bodh Gaya, India, na kwa mapokeo akafundisha miaka 45 zaidi. Mtawa mzururaji aitwaye Vacchagotta alipomuuliza aliyefunguka huenda wapi baada ya kufa, Buddha naye alimuuliza: moto ukizimika mbele yako, umeelekea mashariki au magharibi?