Greenville 2025: shilingi imeshaanguka, sasa tuhesabu miguu

Jumapili tarehe 2 Machi 2025 nilikaa mbele ya kompyuta kumwangalia mtu mzima akirusha shilingi kwa ajili ya basketiboli ya wanawake wa vyuo vya Marekani. Si utani. Greg Sankey, kamishna wa ligi ya SEC, aliirusha mubashara kwenye televisheni kwa sababu kanuni za kutenganisha timu zilikuwa zimekwisha zote. South Carolina na Texas zilimaliza ligi zikiwa na ushindi 15 na kipigo 1 kila moja, na kila moja ilifungwa na mwenzake tu. Januari South Carolina ilishinda 67-50 nyumbani kwake Columbia. Februari Texas ikajibu 66-62 nyumbani kwake Austin. Ukipima matokeo yao dhidi ya vyuo vingine vyote, bado ni sare. Ikabaki shilingi, nayo ikaiangukia South Carolina. Ndivyo Texas, inayoongoza wiki hii orodha ya ubora ya Marekani nzima inayotolewa na shirika la habari la AP, ilivyojikuta namba 2 ndani ya SEC.

Tangu jana watu wananiuliza kama Texas wameonewa. Kidogo sana, nawajibu. Kuwa namba 1 au namba 2 kunaamua utakutana na nani. Kuwa namba 4 au namba 5 kunaamua utapumzika siku ngapi, na yeyote aliyewahi kufundisha timu siku nne mfululizo atakwambia lipi ni zito zaidi.

Kwa wageni wa mambo haya: SEC ni konferensi ya vyuo 16 vya kusini mwa Marekani, baada ya Texas na Oklahoma kuingia msimu huu. Ligi ikiisha, wote 16 wanakusanyika Greenville kwa mtoano, na bingwa anapata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa ya timu 68. Wa 9 mpaka wa 16 wanaanza Jumatano tarehe 5 Machi. Wa 5 mpaka wa 8 wanaingia Alhamisi. Wanne wa juu, yaani South Carolina, Texas, LSU (Louisiana State) na Kentucky, hawagusi mpira mpaka robo fainali Ijumaa. Nusu fainali ni Jumamosi, fainali Jumapili. Kwa hiyo mkubwa anatafuta ushindi 3 ndani ya siku 3, wa katikati 4 ndani ya siku 4, na wa chini 5 ndani ya siku 5. Kila mechi ni dakika 40, na hakuna siku ya kupumua katikati.

Miaka kadhaa nyuma nilipeleka timu ya wasichana kwenye mashindano ya vyuo hapa nyumbani Kenya nikiwa na wachezaji 8. Niliokuwa nawaamini kati yao ni 6, na kosa hilo lilikuwa langu. Siku mbili za mwanzo tuliwachapa watu. Siku ya tatu nikaanza kuona mipira ya gadi wangu, binti mwenye kazi ya kuuongoza mpira na aliyekuwa akitia mitupo huru 8 kati ya 10 mazoezini, inagonga mdomo wa mbele wa ringi. Haikwenda kushoto wala kulia. Ilikuwa mifupi. Mkono wake ulikuwa uleule, kilichokwisha ni goti. Mtupo huanzia gotini, na goti likichoka mpira haufiki. Siku ya nne tulitolewa na timu tuliyoipiga kwa pointi 20 kwenye ligi. Tangu hapo, nikichambua mashindano ya namna hii, nyota nawaacha kwanza. Nahesabu miguu.

Na hakuna mwenye miguu mingi kama kocha Dawn Staley wa South Carolina. Anayeongoza timu yake kwa pointi ni Joyce Edwards, wa mwaka wa kwanza, na anatokea benchi. MiLaysia Fulwiley, ambaye kocha mwingine angemkabidhi mpira na kumwambia afanye atakalo, naye anatokea benchi. Wanaoanza ni Raven Johnson, Te-Hina Paopao, Bree Hall, Chloe Kitts na Sania Feagin, na hakuna hata mmoja anayefikisha wastani wa dakika 30. Hapo ujue wamempoteza Ashlyn Watkins, aliyeumia goti Januari. Timu nyingi zingeyumba kwa pengo la mtu kama huyo chini ya ringi. Staley aligawa dakika zake kama sadaka, kila mmoja akapata kidogo.

Benchi hilo lina dawa, na tumeiona. Tarehe 16 Februari UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) waliingia Columbia wakashinda 87-58 na kukata mfululizo wa ushindi 71 wa nyumbani. Azzi Fudd peke yake alitia pointi 28, nyingi kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Hii ndiyo hesabu inayonifanya niwatilie shaka Texas: wao ni miongoni mwa timu zinazotupa tatu chache kabisa nchini. Wanapata pointi zao kwa Madison Booker anayesimama katikati ya eneo na kutupa juu ya mkono wa beki, kwa ribaundi za mashambulizi (mitupo yao iliyokosa wanayoidaka tena) za Taylor Jones na Kyla Oldacre, na kwa mipira wanayokupokonya. Kocha Vic Schaefer anawakaba watu kuanzia wanaposhuka kwenye basi. Ni basketiboli ya jasho, naipenda, ila gharama yake inalipwa na magoti. Rori Harmon, gadi anayebeba ukabaji huo mabegani, alirudi msimu huu kutoka kwenye jeraha kubwa la goti. Mechi moja Austin, sawa. Ya tatu ndani ya siku tatu, dhidi ya watu kumi wanaopokezana, ni habari nyingine.

Halafu kuna suala la uwanja. Greenville iko ndani ya jimbo la South Carolina, kilomita kama 160 kutoka Columbia. Kwenye karatasi Bon Secours Wellness Arena haina mwenyeji. Ukiwasha televisheni utaona jukwaa zima limevaa rangi ya damu ya mzee. Kabla ya mwaka huu wa 2025, Staley alikuwa ameshalichukua kombe hili mara 8 tangu 2015.

Nadharia yangu ya miguu ina tundu, na tundu hilo linaitwa Kentucky 2022. Mwaka huo Kentucky waliingia wakiwa namba 7, wakacheza siku nne mfululizo, wakawatoa LSU na Tennessee, na Jumapili wakawafunga South Carolina 64-62 kwa mtupo wa tatu wa Dre'una Edwards zikiwa zimebaki sekunde 4. Walikuwa na Rhyne Howard, nyota wa kweli, na kwa mahesabu yangu hawakuwa na haki ya kuwa na pumzi siku hiyo. Mwaka jana nako, Kamilla Cardoso wa South Carolina, senta, yaani mrefu wa kucheza chini ya ringi, ambaye hakuwahi kutia tatu hata moja maisha yake yote ya chuo, aligongesha mpira kwenye ubao ukaingia, Tennessee wakatoka 74-73 nusu fainali. Kwa hiyo sikupi hakikisho. Nakupa uwezekano.

Upande wa South Carolina, mechi ya kutazama kwanza ni ya Alhamisi: Vanderbilt, namba 8, dhidi ya Tennessee, nikichukulia kwamba Tennessee hawatateleza Jumatano mbele ya Texas A&M. Kocha mpya wa Tennessee, Kim Caldwell, hubadilisha wachezaji watano kwa mpigo, wanatoka wote wanaingia wengine, halafu wanakukaba uwanja mzima. Ni kama nadharia yangu imevaa jezi. Mwezi uliopita iliwaangusha UConn 80-76. Lakini basketiboli ya namna hiyo inahitaji mitupo iingie ili uweze kupanga ukabaji, na ikikataa kuingia unaachwa wazi kama mlango wa sokoni. Vanderbilt kwa upande wao wana Mikayla Blakes, binti wa mwaka wa kwanza aliyetia pointi 53 dhidi ya Florida, na wiki mbili na ushei baadaye 55 dhidi ya Auburn. Pointi 55! Kuna timu zinamaliza mechi nzima bila kufika hapo. Nawapa Vanderbilt, kisha nawaona wakiishiwa mafuta Ijumaa.

Kwenye upande huohuo, Kentucky wanaweza kukutana na Oklahoma. Mara ya mwisho Georgia Amoore, Mwaustralia mfupi wa Kentucky, aliwatwanga pointi 43 katika mechi iliyokwenda muda wa nyongeza. Sidhani kama itajirudia. Oklahoma wanacheza mbio, wana Raegan Beers chini ya ringi, na mtu wa kumsogeza Beers bila kufanya faulo ni adimu. Clara Strack wa Kentucky ni mzuizi hodari, lakini akipata faulo ya tatu mapema, Kentucky hawana wa pili wake. Nachagua Oklahoma.

Upande wa chini wa ratiba LSU wanaingia wakichechemea. Wamepoteza mbili za mwisho, kwa Alabama na kwa Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi), na Flau'jae Johnson anapumzishwa kwa maumivu ya muundi. Aneesah Morrow anachuma zaidi ya ribaundi 13 kwa mechi, na Mikaylah Williams anajua kufunga, lakini timu ya kocha Kim Mulkey ilikuwa imesimama kwenye mafiga matatu. Ondoa figa moja uone chungu. Nawapa Alabama Ijumaa hiyo, na nikikosea mnisute.

Sasa nije kwenye mechi ambayo kusema kweli ndiyo inayoninyima usingizi. Mississippi State, namba 10, wanacheza na Missouri Jumatano, na senta wao ni Madina Okot wetu. Anatoka Mumias, ameichezea timu ya Chuo Kikuu cha Zetech, amevaa jezi ya Kenya, na huu ni msimu wake wa kwanza Marekani. Ana urefu wa karibu mita mbili. Katika ligi ngumu kuliko zote za wanawake wa vyuo ana wastani wa zaidi ya pointi 10 na ribaundi zinazokaribia 10 kwa mechi. Kuna watu wanakulia ndani ya mfumo ule tangu wana miaka 12 na hawafiki hapo.

Ukimtazama, usifuate mpira. Angalia mikono yake baada ya ribaundi. Kila kocha wa watu warefu hupiga kelele hiyohiyo mazoezini: usiushushe! Mrefu akiushusha mpira kiunoni amejifanya mfupi, na gadi wa futi tano na nusu anaunyakua kama mwewe. Okot akiubakisha juu ya paji la uso, akageuka, akautupa, hakuna wa kumfikia. Missouri hawana wa kumsumbua sana kwa hilo. Shida ni Alhamisi, kwa sababu anayesubiri ni Ole Miss, mahasimu wao wa jimbo moja, timu ya kocha Yolett McPhee-McCuin yenye mikono mingi na myepesi. Watampelekea wawili, mmoja mbele na mmoja mgongoni, wakitafuta zile faulo mbili za robo ya kwanza zitakazomkalisha benchi.

Akivuka hapo, Ijumaa wanakutana na Texas, na hapo kuna kidonda cha zamani. Schaefer alikuwa kocha wa Mississippi State. Ndiye aliyewapa kombe hili 2019, hapohapo Greenville, kabla ya kuhamia Texas 2020. Natamani mechi hiyo iwepo. Sioni ikiwepo, lakini natamani.

Fainali naiona South Carolina na Texas, na South Carolina kwa pointi kama 8. Nikiulizwa lini mechi itaamuliwa, nasema robo ya tatu, pale Fulwiley na Edwards watakapoingia pamoja na Harmon awe amekaa kwenye magoti yake dakika 25.

La saa sasa, maana nimeulizwa sana. Greenville wako nyuma yetu saa 8. Lakini Jumapili alfajiri Wamarekani wanasogeza saa zao mbele, kwa hiyo siku ya fainali tofauti inabaki saa 7: mechi ya saa 9 alasiri kule ni saa 4 usiku Mombasa. Usije ukawasha saa 5 ukakuta robo mbili zimekwenda. Mechi ya Okot na Missouri imo kwenye kipindi cha jioni, na kwetu hiyo ni usiku wa manane kuamkia Alhamisi. Kwa bahati nzuri mwaka huu ni Ramadhani. Nimeshamwambia mke wangu asihangaike kuniamsha daku, mimi ndiye nitakayemwamsha.