Umejuaje?

Wiki ya pili ya mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la kwanza, katika shule moja ya msingi hapa Kigoma, kumkagua mwanachuo wangu. Alikuwa anataja namba, watoto wanaandika. Akataja "kumi na mbili". Binti aliyekuwa mbele yangu akaandika 102. Akataja "ishirini na tano", akaandika 205. Mwanachuo akapita na kalamu nyekundu, akaweka alama ya kosa mara mbili, akahamia dawati jingine. Yule mtoto akalifunika daftari kwa kiganja.

Nikamwinamia, nikamuuliza taratibu: "Hii umejuaje?"

Alinitazama kwanza, kupima kama nimekasirika. Kisha akaweka kidole kwenye 10. "Kumi." Akakisogeza. "Na mbili."

Mtoto huyu alikuwa amekisikia Kiswahili sawasawa. Sisi tunaitaja kumi, tunaitaja mbili, na katikati tunaweka "na". Yeye ameandika kila alichokisikia, hakuruka kitu. Kilichobaki ni jambo moja: kwamba katika maandishi, nafasi ya tarakimu ndiyo inayosema "kumi", kwa hiyo sifuri haiandikwi tena ikishapata mgeni. Jambo hilo halisikiki sikioni. Lazima mtu amwoneshe. Jioni nilikaa na mwanachuo tukakata kadi za boksi: kadi pana yenye 10, kadi nyembamba yenye 2. Ukiipachika 2 juu ya sifuri, unaona 12, na ukiiinua, kumi bado ipo chini yake. Kesho yake aliitumia pamoja na vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Kalamu nyekundu peke yake isingemfundisha yule binti chochote, isipokuwa kufunika daftari.

Nafundisha saikolojia ya elimu na ushauri nasaha kwa walimu tarajali, na kama ningeruhusiwa kuwaachia wanachuo wangu neno moja tu, lingekuwa hilo: umejuaje. Naona linabeba zaidi ya nusu ya kozi.

Hata Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi ambaye jina lake kila mwanachuo analikariri, alianzia hapo. Karibu na mwaka 1920 alikuwa Paris, kijana wa miaka ishirini na kitu, mtaalamu wa konokono kwa asili yake. Alipewa kazi katika maabara ya shule iliyoachwa na mwanasaikolojia Alfred Binet, chini ya mwenzake Binet, Théodore Simon: awajaribu watoto wa Kifaransa kwa maswali ya kufikiri yaliyotungwa Uingereza, na kuhesabu wangapi wamepata. Kuhesabu kulimchosha. Kilichomshika ni waliokosa, kwa sababu watoto wa umri mmoja walikuwa wanakosa kwa namna ileile. Akaacha kuhesabu, akaanza kuzungumza nao, mtoto mmoja baada ya mwingine, akiwauliza wamefikaje kwenye jibu. Saikolojia ya ukuaji tunayoifundisha vyuoni imetoka kwa sehemu kubwa kwenye majibu ambayo mtu mwingine angeyapitia kwa alama ya kosa.

Inanisikitisha kwamba kinachowafikia wanachuo ni jedwali la hatua za Piaget za ukuaji wa akili: kuzaliwa hadi miaka 2, miaka 2 hadi 7, 7 hadi 11, 11 na kuendelea. Wanalikariri, wanalifaulu, kisha wanaingia darasani na kumwambia mtoto "hujui". Kwa hiyo mimi huwatuma mtaani na bilauri.

Jaribio lenyewe linajulikana. Bilauri mbili zinazofanana zinajazwa maji sawa. Mtoto anakubali kwamba ni sawa. Kisha unamimina moja kwenye chupa nyembamba na ndefu, unauliza: sasa je? Mtoto wa miaka mitano mara nyingi ataonesha chupa. Maji yamepanda, basi yamezidi. Wanachuo hurudi wakiwa wameandika "hana dhana ya uhifadhi wa kiasi", yaani hajui kwamba kiasi hubaki kilekile hata umbo likibadilika, tena kwa wino mzito, kama hati ya hukumu.

Ninawarudisha wakaulize tena, lakini safari hii wabadili mambo.

Badiliko la kwanza ni kuuliza mara moja tu. Katika jaribio la kawaida mtoto huulizwa swali lilelile mara mbili, kabla ya kumimina na baada ya kumimina. Susan Rose na Marion Blank walipoliondoa swali la kwanza mwaka 1974, watoto walifanya vizuri zaidi. Sisi tuliolelewa huku hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini. Mkubwa akikuuliza jambo, ukajibu, naye akarudia kuuliza, unajua jibu lako limekataliwa. Adabu inakutaka ubadilishe. Mtoto anaposema "hiki kingi" mara ya pili huenda hapimi maji hata kidogo, anampima mwalimu. Nimeliona hili darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: mtoto anasema saba, ambayo ni sahihi, mwalimu anasema "una uhakika?", mtoto anasema nane.

Badiliko la pili ni nani anayegusa vitu. Mwaka huohuo 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson, kule Scotland, walipanga safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi, kisha wakamtoa mdoli dubu "mtundu" aliyekuja kuivuruga safu moja kana kwamba ni bahati mbaya. Watoto wengi waliokuwa wakikosa mtu mzima alipoivuruga safu kwa makusudi, sasa walisema idadi ni ileile. Miaka michache kabla ya hapo, Patricia Greenfield alikuwa Senegal na watoto wa Kiwolofu. Baadhi yao walieleza kwamba maji yamebadilika kwa sababu yeye, yule mtu mzima, ndiye aliyeyamimina. Alipowaacha wamimine wenyewe, majibu yakawa mengine. Ninalipenda sana jaribio hili. Linamwambia mwalimu wa Kigoma kwamba uzito wa mkono wake unaingia ndani ya jibu la mtoto, hata pale anapodhani anapima akili tupu.

Hili halimfanyi Piaget kuwa mtu wa kutupwa. Mpangilio alioueleza bado unamsaidia mwalimu. Mtoto huelewa kwanza kwamba idadi haibadiliki ukitawanya vitu, kisha kiasi cha udongo au maji, na uzito huja baadaye, karibu na miaka 9. Ujazo, yaani kiasi cha maji ambacho kitu hukisukuma kikizamishwa, huchelewa zaidi, miaka 11 hivi. Kwa hiyo usishangae mtoto wa darasa la tatu akikubali kwamba donge la udongo lililosukumwa kama chapati lina udongo uleule, na papo hapo akasema limekuwa jepesi. Ukimuuliza amejuaje, atakuonesha mkononi: limetandazika, halilemei sehemu moja. Hapo umeshajua kipimo gani umletee mezani.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao watu wa ziwani tunauona kila siku. Nenda soko la Mwanga jioni. Mtoto wa darasa la nne ameachiwa mafungu ya dagaa na mama yake. Fungu 1,500. Mteja anataka matatu, ametoa noti ya 10,000. Mtoto anasema "elfu tatu, na elfu na mia tano, elfu nne na mia tano", anarudisha 5,500 kabla mteja hajafunga mfuko. Kesho yake ubaoni, 1,500 × 3 inamtoa jasho, anachanganya sifuri, anapata 450. Watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Brazil, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, waliandika habari hii mwaka 1985 kutoka mji wa Recife. Walikwenda kununua kwa watoto wachuuzi wa miaka 9 hadi 15, kisha wakawapa hesabu zilezile kwa karatasi. Mtaani walipata asilimia 98. Kwenye hesabu tupu za namba, asilimia 37. Watoto walikuwa watano tu, kwa hiyo asilimia zenyewe usizibebe mbali, lakini walionesha jambo ambalo mwalimu anaweza kulithibitisha wiki hii: mtoto ana njia, na njia hiyo haifanani na ya ubaoni. Wa sokoni anajumlisha vipande vikubwa kwanza. Wa ubaoni anaanza na sifuri za mwisho. Usipouliza, utafundisha ya pili kana kwamba ya kwanza haipo.

Sasa neno lenyewe. Nasema "umejuaje", na si "kwa nini". Kwa mkubwa kumwambia mdogo, "kwa nini" yetu mara nyingi ni shtaka. "Kwa nini umechelewa?" haitafuti sababu, inatafuta samahani, na mtoto aliyelelewa vizuri atakupa samahani. Katika ushauri nasaha tofauti hii ni kubwa. Mvulana anayelala darasani kila Jumatano ukimuuliza kwa nini analala, atasema "nisamehe mwalimu". Ukimwambia "hebu nieleze Jumanne usiku huwa inakuwaje kwenu", huenda ukasikia kuhusu mtumbwi, taa, na baba asiye na wa kumsaidia kuvuta wavu. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alijenga namna nzima ya kushauri juu ya kumsikiliza mtu kwa dhati bila kumhukumu, lakini jambo hilo haliwezekani fimbo ikiwa mezani. Mtoto mwenye hofu huitumia akili yake kukulinda wewe usikasirike. Inabaki kidogo kwa ajili ya hesabu, na haibaki hata kidogo kwa ajili ya siri.

Na kuna mahali ambapo swali langu lazima likome, nawasisitizia wanachuo hili kuliko yote. Mtoto akianza kukuambia kwamba kuna mtu anamgusa au anamuumiza, usimuulize amejuaje, wala ilikuwaje, wala mara ngapi. Ukimhoji unaweza kumpa maneno ambayo si yake, na baadaye maneno hayo yatadhoofisha ushahidi wake. Msikilize aseme kiasi anachotaka. Mwambie amefanya vizuri kukuambia. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu, kwa maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Andika maneno yake jinsi alivyoyatamka, hata kama ni ya Kiha, na uandike saa. Kisha siku hiyohiyo nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116. Simu hiyo ni bure.